Mashine ya kulalia imenishinda, na Desemba tunapanda Rombo

Shikamoo Bibi Nesi,

Mi ni mama wa miaka 51, nipo Moshi, nauza mitumba Kiboroloni. Nakuandikia saa hizi za usiku kwa sababu usingizi umegoma na mume wangu siku hizi analala chumba cha watoto, nitakueleza kwa nini.

Miaka mingi nakoroma. Nilikua naona kawaida tu, mama alikoroma, bibi alikoroma, kwetu wanawake tunakoroma bana. Ila mume wangu akaanza kunambia kwamba katikati ya kukoroma nanyamaza kabisa, pumzi hakuna, afu baadae nashtuka navuta hewa kwa nguvu mpaka kitanda kinatikisika. Akawa halali tena, anakaa ananisikilizia. Na mimi asubuhi naamka kichwa kinagonga, mdomo mkavu, usiku mzima nimeshinda njia ya chooni, mchana nasinzia hovyo. Nasinzia kwenye daladala napitishwa kituo, nasinzia kwenye kikao cha kikoba na mimi ndo mweka hazina, kanisani ndo usiseme. Presha nayo haishuki na dawa nameza.

Daktari wa masikio, pua na koo akanipa kakifaa nikalala nako nyumbani, kana cha kubana kidoleni na kamrija ka puani, majibu yakaja kwamba kwa saa moja pumzi inakata au inapungua mara 38. Saa moja tu jamani! Akasema hiyo ni kali, nahitaji mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kwenye maski ukiwa umelala. Bei ya mpya nikatajiwa hela ya kununua bodaboda. Bahati mdogo wangu yuko Uingereza, mume wake alikua na ya kwake kabadilishiwa nyingine, wakanitumia ile ya zamani pamoja na maski. Nikamshukuru Mungu, kumbe ndo shida zinaanza.

Kwanza hilo limaski ni kubwa, linafunika pua na mdomo, nikilivaa naona nakufa. Hewa inakuja kwa nguvu mno, nikifungua mdomo inanijaa tumboni, asubuhi nacheua na tumbo limevimba kwa gesi. Upepo unatokea pembeni unanipiga macho. Nikikaza mikanda ndo inazidi, na rasta zangu zinavutwa mpaka kichwa kinauma. Halafu kulipokua na baridi ile ya mwezi wa saba nikaamka maji yananidondokea puani kutoka kwenye mpira unaoleta hewa, niliruka! Na hata nikivumilia, ikifika saa nane hivi nalivua bila kujua, asubuhi nalikuta chini ya kitanda. Mume wangu kasema kati ya kukoroma na ile fuuuu heri kukoroma, kahamia kwa mtoto.

Kilichonimaliza ni mama mkwe. Alikuja kututembelea akafungua mlango asubuhi akanikuta nimeivaa, akaanza kulia. Si unajua tangu ile corona mtu akisikia mashine ya kupumulia anajua huyo anaaga. Akapiga simu Rombo, mpaka jioni mawifi wote wameshanipa pole, mmoja akauliza kama nimeandika wosia.

Sasa mashine iko kabatini. Desemba tunapanda Rombo, nyumba inajaa, nalala chumba kimoja na mawifi, na umeme kule kukatika ni kawaida. Siwezi kuvaa kile kitu mbele yao. Shoga yangu sokoni ananambia kikombe cha mbege na piritoni mbili nitalala fofofo. Hakuna dawa ya kumeza badala ya hii mashine? Au niendelee tu kukoroma maana mama yangu alikoroma na amefika miaka 80? Nisaidie.

Mama Mitumba, Moshi


Marahaba mwanangu, na pole.

Naanza na shoga yako kwa sababu ndo ananitisha kuliko mashine. Mbege na piritoni hapana, hata siku moja. Tatizo lako ni kwamba ukilala nyama za koo zinalegea, njia ya hewa inajifunga, ubongo unashtuka kukuamsha uvute pumzi. Huko kushtuka ndo kunakokuokoa. Pombe inalegeza koo zaidi, na dawa za kusinzisha zinafanya mwili uchelewe kushtuka, kwahiyo ukichanganya vyote viwili unalala fofofo kweli na pumzi inakata muda mrefu zaidi. Kama kuna sherehe na huwezi kukwepa kikombe, kinywe mchana, na usiku ulale na mashine. Hivyo vidonge vya usingizi vya kuuziwa kiholela duka la dawa usiviguse.

Dawa ya kumeza ya kufungua koo usiku haipo. Kuna sindano ya kupunguza uzito inaitwa tirzepatide, Marekani waliiidhinisha Desemba 2024 kwa watu wanene wenye hili tatizo la wastani au kali, lakini inafanya kazi kwa kupunguza kilo pole pole kwa miezi, na usije ukainunua kwa mtu wa mtandaoni. Kupunguza uzito kwa njia yoyote kunasaidia kama upo mnene, hujanambia na sikuulizi, ila wapo wembamba pia wanaokata pumzi hivohivo.

Na mama yako kufika miaka 80 ni neema yake. Wewe unazo namba zako. Chini ya mara 5 kwa saa wanahesabu ni kawaida, kuanzia 30 ndo kali, wewe una 38. Ile presha isiyoshuka, kichwa cha asubuhi, hata ile safari ya chooni, vyote vinaweza kuwa tawi la mti huo mmoja. Watu wanashangaa choo kinaingiaje hapa: koo likijifunga wewe unavuta hewa isiyoingia, kifua kinavuta, moyo unatanuka, unadhani maji yamezidi mwilini unayaambia mafigo yatoe. Wengi wakizoea mashine wanaona safari za usiku zinapungua kabla hata hawajaona kitu kingine. Ila dawa za presha endelea nazo mpaka daktari aseme vingine.

Sasa hii mashine ya kutumiwa. Hapa nina maneno mawili na yote naomba uyafanye kabla ya kuirudisha kitandani.

La kwanza, angalia jina na modeli chini ya mashine. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziondoa mashine zake nyingi za aina hii, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikua inaweza kumeguka na mtu akavuta vile vipande au kemikali zake. Mashine nyingi za zamani zinazozunguka kwa ndugu na jamaa ni za miaka hiyo. Mwambie mdogo wako aingize namba ya mashine kwenye tovuti ya kampuni aone kama imo, na kama imo mpigie daktari wako mpange cha kufanya. Kama ni ya kampuni nyingine au ya toleo lisilohusika, vizuri.

La pili, hiyo mashine imesetiwa kwa shemeji yako! Nguvu ya hewa inapimwa kwa namba, mashine nyingi zinaanzia 4 mpaka 20, na kila mtu ana yake. Inawezekana shemeji ni pande la mtu anatumia 14 na wewe unahitaji 8 au 9, ndo maana unapigwa upepo, unameza hewa, unaamka na gesi. Hiyo gesi mwanangu haitoki kwenye maharage. Ibebe mashine yote na mpira na maski na waya wake, rudi kwa yule daktari wa masikio, pua na koo aliyekupima, aisete upya kwa majibu yako. Kama mashine ni ya kujirekebisha yenyewe atakuwekea mipaka ya chini na juu. Mwambie pia awashe ile ya kuanza taratibu, inaanza na upepo mdogo inapanda polepole wakati unausaka usingizi, na kama inayo ile ya kulegeza upepo unapotoa pumzi awashe na hiyo. Wewe mwenyewe usiende kuchokoa namba za nguvu kwa kuangalia video, unyevu na joto la maji hayo ndo yako, chezea unavyotaka.

Tuje kwenye maski maana hapa ndo watu wengi wanashindwia, tena wanalaumu mashine wakati yenyewe haina kosa. Maski ya shemeji ni ya uso wa mwanaume, pengine saizi kubwa, na ule mpira laini wa pembeni ushachoka. Mashine mnaweza kurithishana ikiwa imesafishwa na filta mpya, maski tafuta yako. Kama pua yako inapitisha hewa vizuri uliza maski ya pua tu, au zile ndogo zinazokaa kwenye matundu ya pua, mtu anayeona anakufa ndani ya maski kubwa mara nyingi anapumua kabisa akipewa hiyo. Ila kama unalala mdomo wazi hewa itatokea mdomoni, hapo ndo unarudi kwenye kubwa ila ya saizi yako, au unaongeza mkanda wa kidevu. Na pua kuziba kwa mtu wa mitumba sishangai, lile vumbi la kufungua belo! Vaa barakoa ukifungua belo, na usiku safisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa.

Kukaza mikanda acha. Ule mpira wa maski umetengenezwa ujae hewa ukae usoni wenyewe, ukiukaza unaubonyeza unakunjamana, upepo unatafuta njia unakuta jicho. Ivae ukiwa umelala na mashine imewashwa, siyo umekaa mbele ya kioo, maana uso ukilala unabadilika. Kaza kidogo tu mpaka upepo wa pembeni ukome, kidole kipite chini ya mkanda. Na mafuta! Najua baada ya kuoga usiku unajipaka mafuta ya mgando uso mzima, wote tumelelewa hivyo. Mafuta yanafanya maski iteleze na yanaharibu ule mpira. Usiku uso uoshe kwa sabuni ukauke, mafuta paka asubuhi. Rasta zifunge chini usawa wa shingo, usiweke fundo juu kisogoni ambapo mkanda unapita, halafu vaa kitambaa cha satini kwanza, mikanda ije juu yake. Msusi wako mwambie asuke kuelekea nyuma, laini nyembamba, hiyo ya kuvutwa itaisha.

Kuzoea usianze usiku. Jioni ukiwa unaangalia tamthilia vaa maski tu, bila mpira, bila mashine, unavua unavaa, wewe ndo bosi. Ukiona moyo haudundi tena unga mpira uwashe, bado umekaa kwenye kochi. Halafu mchana wa Jumapili baada ya kanisa ukijilaza, lala nayo. Ndipo uipandishe kitandani. Watu wanaoruka moja kwa moja usiku wa kwanza masaa manane mazima ndo haohao wanaoishia kuiweka kabatini. Na ukiamka saa nane ukaikuta chini ya kitanda usinune, okota, vaa, lala. Nakusisitizia hizo saa za kuelekea alfajiri kwa sababu usingizi wa ndoto unakua mwingi zaidi muda huo, na kwa watu wengi ndo pumzi inakata vibaya, kwahiyo ukiivua saa nane unakosa kipande kizito.

Maji ya puani siyo ubovu. Kile kidebe cha maji cha kwenye mashine kinapasha maji, hewa ya moto yenye unyevu inapita kwenye mpira uliopoa kwa baridi, inageuka matone. Punguza joto la maji, funika mpira kwa shuka au uvalishe soksi ndefu, na mashine ikae chini kuliko kichwa chako ili maji yakirudi yarudi kwenye kidebe. Maji ya kuweka ni yale yaliyotolewa madini, ulizia duka la dawa, maana ya bomba hata ukichemsha yanaacha ukoko mweupe kama wa kwenye birika. Ya betri pale sheli usiweke, chupa zinachanganywa na za asidi, na hata kama siyo asidi hayakutengenezwa kuvutwa na mapafu. Kila asubuhi mwaga, osha kidebe kwa sabuni kidogo, anika kivulini. Maski nayo hivyohivyo, bila jiki.

Chandarua usiache kutumia eti mpira unasumbua, Moshi mbu wapo. Mashine iweke kwenye stuli nje ya neti, mpira upitie chini ya pindo, uzibe pale kwa mto, na neti isifunike ile sehemu ya nyuma inayovuta hewa. Na ile dawa ya mbu ya kuchoma usiiwashe chumbani wakati unalala nayo, mashine itavuta moshi wote ikuletee puani, filta yake ni ya vumbi. Hiyo filta ikague mara kwa mara, kwa vumbi letu la kiangazi inakua ya kijivu upesi, ikiwa hivyo badilisha.

Baba anasema fuuuu. Mashine nzuri ikikaa sawa karibu haisikiki, hiyo fuuuu ninavyoona ni upepo wa pembeni, maski ikikaa itapungua sana na atarudi mwenyewe. Mwambie daktari aliyeibuni, Colin Sullivan wa Sydney, mwaka 1980 alianza na mota ya mashine ya kufyonza vumbi, hiyo ndo angehama nyumba. Halafu mkumbushe ni yeye aliyekaa macho akikuhesabia pumzi, kwahiyo hapo mwanangu usimkasirikie sana.

Mama mkwe alilia kwa sababu hajui kilichomo. Mwite tena, au piga simu ya video, washa mashine, mwekee mdomo wa mpira kwenye kiganja asikie upepo. Mwambie hamna mtungi, hamna oksijeni, ni hewa hiihii ya chumbani inasukumwa ili koo lisijifunge, na asubuhi naenda sokoni. Ukimpata yeye umewapata mawifi, kwa sababu yeye ndo aliyepiga simu na yeye ndo atakayepiga tena. Na nikuulize, kati ya hao mawifi hakuna anayekoroma mpaka mabati yanaitikia? Anza na huyo, atataka kujaribu.

Umeme wa Rombo ndo swali zuri kuliko yote. Bila kupasha maji mashine nyingi zinakula wati 30 hadi 40 hivi, ukiwasha kijoto inaweza kufika 90. Kwahiyo kule zima kijoto. Betri ya sola ya volti 12 yenye Ah 100, ukitumia nusu yake tu ili isife, ina wati-saa kama 600, usiku mmoja una uhakika nao na wa pili unaubahatisha kwa sababu inveta nayo inakula. Usichomeke waya moja kwa moja kwenye betri, mashine nyingine ni za volti 24, fundi akuwekee inveta ndogo au kibadilishio cha mashine yenyewe. Plagi ya Uingereza inaingia kwenye soketi zetu, ila weka friji gadi, umeme ukirudi kwa kishindo usiunguze. Ukikatika umevaa maski kubwa hukosi hewa, ina kitundu kinachofunguka, utashtuka tu, vua ulale ubavu na mto nyuma ya mgongo usigeuke chali. Urefu wa mlima usikusumbue, mashine za sasa zinajirekebisha na vijiji vya Rombo haviko juu kiasi cha kuzishinda. Ukiwa njiani mwaga maji ya kidebe, yakiingia ndani ya mashine umeiua.

Kliniki nenda mapema, kabla ya Novemba kuisha, kwa sababu maski ya saizi yako inaweza kuhitaji kuagizwa na wiki za Krismasi hata madaktari wenyewe wanapanda migombani.